Til, Pochi ama laini ya kawaida kwa kibanda cha omena Kibuye?

NyarKibuye

Wadau hamjambo. Nauliza kuhusu kibanda cha omena na mbuta wa kukaanga hapa Kibuye, Kisumu. Karibu kila mteja siku hizi analipa kwa simu, na pesa zote zinaingia kwenye laini yangu ya kawaida ya M-Pesa, pamoja na za karo, za chama na za nyumbani. Nataka kuzitenganisha.

Kwa siku ya kawaida kuna mauzo kama 40 ya simu: 25 hivi ni ya shilingi 150, 10 ya 600, na 5 ya 1,200 kwa wale wa hoteli. Jumapili huongezeka. Kuna msaidizi anayebaki kibandani mimi nikienda kuchukua mzigo, na simu ya kibandani ni kabambe, haina intaneti.

Naomba kujua mambo manne. Kati ya Pochi la Biashara, ule mfuko wa biashara ndani ya laini, na til, nambari ya kulipia dukani, nani anakatwa na anakatwa ngapi? Mteja akishaondoka na samaki, anaweza kuzirudisha pesa? Msaidizi atajuaje pesa zimeingia bila kupewa PIN yangu? Na la mwisho, kina mama wanaoleta omena kutoka Usenge wanataka noti alfajiri, sasa pesa zikiwa kwenye til nazitoaje bila kuliwa na makato?

Mwalimu_Hesabu

Nyar Kibuye, umeleta takwimu zako, kwa hivyo swali la kwanza linajibika kwa kalamu tu.

Til ya Lipa na M-Pesa, ile ya Buy Goods, haimkati mteja hata senti. Anayekatwa ni mwenye til, asilimia 0.55 ya kila malipo, na malipo ya shilingi 200 kushuka hayakatwi kabisa. Makato hayapiti shilingi 200 kwa malipo mamoja hata yawe makubwa kiasi gani. Pochi ni kinyume chake: wewe unapokea zote, ila mteja anakatwa kama mtu anayemtumia mwenzake pesa. Kutuma hadi shilingi 100 ni bure, 101 hadi 500 ni shilingi 7, 501 hadi 1,000 ni 13, na 1,001 hadi 1,500 ni 23.

Sasa weka mauzo yako. Kwenye til, yale 25 ya shilingi 150 hayakatwi. Kila 600 inakatwa 3.30, mara 10 ni shilingi 33. Kila 1,200 inakatwa 6.60, mara 5 ni 33 tena. Umeuza 15,750, umekatwa 66. Kwenye Pochi wewe hukatwi, lakini wateja wako kwa pamoja wanalipa 175 kwa zile ndogo, 130 kwa za kati na 115 kwa kubwa, yaani 420 kwa siku.

Usiseme "basi hiyo ni shida yao." Mtu wa omena ya 150 akiongezewa 7, ni karibu asilimia 5 ya bei. Atakwambia umpunguzie, ama atavuka kwa jirani mwenye til. Hizo 7 zitarudi kwako kwa mlango wa nyuma kama bei ya kupatana, na hapo utapoteza zaidi ya zile 66.

Boda_Bondeni

Niko Nakuru. Mimi naona mnamtisha bure na til. Pochi unaifungua dakika mbili kwa simu yoyote: *334#, unachagua Pochi la Biashara, unakubali masharti, umemaliza. Hakuna fomu. Nambari ni ileile wateja wanayoijua, ila pesa zinakaa mfuko wake mbali na za nyumbani, na unaweza kuzitoa kwa wakala, kuzituma ama kulipia vitu moja kwa moja kutoka hapo. Safari nyingi za boda mjini ni 50, 70, 100. Hizo mteja anatuma bure na dereva hakatwi. Til inaleta nini zaidi?

Halafu nilisikia til humkata mteja pia akilipa zaidi ya elfu moja.

Mwalimu_Hesabu

Hilo la mwisho si kweli, ndugu. Watu huchanganya Buy Goods na Paybill. Paybill ni ile ya nambari ya biashara na nambari ya akaunti, kama ya shule, ya maji ama ya benki, na hapo mlipaji anaweza kukatwa kulingana na mpango ambao mwenye Paybill amechagua. Buy Goods haina nambari ya akaunti na mteja hakatwi, awe amelipa 50 ama 50,000.

Kwa boda uko sawa kabisa. Mpaka ni ile shilingi 100. Biashara ambayo malipo yake mengi yako chini ya 100, kama boda, mama mboga wa mtaani, muuza njugu, Pochi inatosha na haina gharama kwa yeyote. Malipo yakianza kukaa kati ya 101 na 200, til ndiyo bure kwa pande zote mbili na Pochi siyo. Omena ya 150 iko hapohapo katikati.

Wakala_Kondele

Nijibu la kurudisha pesa na la noti za alfajiri.

Kwenye laini ya kawaida, mteja akidai amekosea nambari anaipeleka ile meseji ya M-Pesa kwenda 456, nambari ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa. Kama pesa bado ziko kwenye akaunti yako, zinaweza kuzuiwa ombi likishughulikiwa. Hapo ndipo matapeli wanapocheza: analipa, anachukua samaki, akifika stendi ya matatu anatuma 456. Ndiyo maana wauzaji wengine huhamisha kila malipo papo hapo, wakijikata ada bila sababu. Kwenye Pochi mteja hawezi kurudishiwa bila wewe kukubali, na kwenye til pia mwenye biashara huulizwa kwanza. Ukipigiwa ama ukitumiwa ujumbe kuhusu ombi kama hilo, tazama kumbukumbu zako kabla ya kujibu, kwa sababu wapo pia wanaokosea kweli.

Mteja wako akikosea tarakimu ya til na pesa zikaenda kwa duka lingine, wewe huna la kufanya hapo. Ni yeye aliyelipa anayetuma 456, kwa simu iliyolipa. Mfunze msaidizi amwambie mteja jina la til kabla hajaweka PIN: "likitokea jina tofauti na hili, acha." Jina huonekana kwenye skrini, ila watu hubonyeza bila kusoma.

Sasa noti. Kutoa 15,000 kwa wakala kutoka laini ya kawaida ni shilingi 167. Kutoa 20,000 ni 185. Kuanzia 20,001 hadi 35,000 ni 197. Kwa hivyo 15,000 kila jioni kwa siku mbili ni 334, na 30,000 mara moja ni 197. Ukiweza kupanga mzigo wa siku mbili pamoja, umeokoa 137. Ila usilale na elfu 30 kibandani kwa ajili ya shilingi 137, hilo utaamua mwenyewe. Angalia pia mipaka ya ngazi: kutoa 2,500 ni 29, kutoa 2,501 ni 52. Shilingi moja inakugharimu 23.

Kina mama wa Usenge wakikwambia "tuma na ya kutoa", fanya hesabu kabla ya kukubali. Wa 15,000 anataka 15,167 ili abaki na 15,000 mkononi. Kutuma 15,167 kumeshavuka 15,000, kwa hivyo ada ya kutuma ni 105 badala ya 100. Jumla umetumia 272 kumfikishia noti ambazo ungezitoa mwenyewe kwa 167. Kutuma kuna maana tu kama yeye pia hatoi, yaani analipia mafuta ya boti ama vitu vyake kwa simu.

Na usingoje alfajiri. Wakala ana vitu viwili tofauti: floti, yaani salio lake la kazi kwenye simu, na noti kwenye droo. Kukutolea pesa kunahitaji noti. Saa kumi na moja asubuhi droo nyingi ziko tupu, maana watu hawajaanza kuweka. Noti hujaa jioni, wenye maduka wakileta mauzo ili wapate floti. Toa jioni, mwambie wakala mapema kama ni zaidi ya 20,000. Jumapili Kibuye ni kinyume: mchana wote wauzaji wanaweka, wakala ana noti tele na floti ndiyo humwishia.

NyarKibuye

Asante sana, hiyo ya "na ya kutoa" sikuwa nimeihesabu. Wakala, pesa za til zinatolewaje kwa wakala? Niliambiwa til haitoi, mpaka zipite benki.

Wakala_Kondele

Ni aina mbili, dada, na wengi hupewa moja bila kuelezwa. Ile ya kawaida hupokea tu, kisha pesa zinapelekwa benki ama kwenye laini uliyoteua. Ile ya pili, Business Till, inaweza kutoa kwa wakala, kutuma kwa laini za watu na kulipa til nyingine. Ukiomba, sema waziwazi unataka inayotoa. Kama wanunuzi wako wa jumla na wale unaonunua kwao wote wana til, malipo ya til kwa til yanakuondolea noti kabisa.

Usihamishe pesa kutoka til mara tano kwa siku, kila safari ina ada yake. Mara moja jioni inatosha.

Kuomba: beba kitambulisho halisi na PIN ya KRA, ile ya mamlaka ya kodi (si ile PIN ya simu, watu huchekesha dukani na hili), na kama jina la biashara limesajiliwa, cheti chake. Jina litakaloonekana kwa mteja liandikwe vile watu wanavyokiita kibanda. Mteja akiona jina asilolijua ataogopa kulipa, na yuko sahihi kuogopa.

Mhasibu_Kakamega

Niongeze mambo ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha malipo salio likipungua. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia laini ya kawaida inalipa deni kwanza. Tuseme una deni la 3,000 na hoteli inalipa omena ya 1,200 kwenye laini yako: zote 1,200 zinamezwa, na zilikuwa za stoki ya kesho. Jioni huna za kununulia, unafuliza tena, unakatwa asilimia 1 ya kuingilia pamoja na ada ya kila siku, na kesho mauzo yanalipa hilo deni jipya. Biashara inaonekana inauza na mtaji unapungua. Hii peke yake ni sababu kubwa ya kutenganisha kuliko zile shilingi 66. Til haiguswi na Fuliza yako ya nyumbani. Ila siku utakayohamisha kwenda laini ya kawaida, itakatwa palepale. Kama deni lipo, lipa wenye mzigo moja kwa moja kutoka til.

Mteja naye anaweza kulipa til kwa Fuliza akipungukiwa. Kwako wewe ni malipo kamili, deni ni lake.

La pili ni KRA. Mauzo ya 15,750 kwa siku, kwa siku 26, ni 409,500 kwa mwezi, karibu milioni 4.9 kwa mwaka. Hapo uko ndani ya kodi ya mauzo, ile ya biashara za kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na hutozwa kwa mauzo yote, si kwa faida. Kwa mwezi huo ni 12,285, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya noti taslimu yanaongezwa juu, hayajifichi kwa sababu hayakupita kwa simu. Ukiweka bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia, hiyo asilimia 3 iwe ndani tangu mwanzo. Wauzaji huitafuta baadaye kwenye faida, na faida ya omena haina nafasi hiyo.

Laini iliyochanganywa inakuumiza hapa pia. Karo iliyotumwa na shangazi na mchango wa chama vyote vinaonekana kama pesa zilizoingia, na wewe ndiye utakayekaa usiku kutenga moja baada ya nyingine. Taarifa ya laini ya kawaida inaombwa kwa *334#, sehemu ya akaunti yangu, na inakuja kwenye barua pepe ikiwa imefungwa kwa nywila. Pakua kila mwezi, usingoje mwaka uishe.

NyarKibuye

Mhasibu, asante, ingawa hiyo 12,285 imenifanya nikae chini. Na msaidizi? Anabaki na kabambe tu.

Mwalimu_Hesabu

Kabambe inatosha kupokea meseji. Kwenye til unaongeza nambari ya msaidizi ili apate taarifa ya malipo. Anaona, hawezi kutoa. PIN inabaki kwako, na laini yenye mamlaka ya kutoa isilale kibandani. Wewe mwenye simu ya kisasa weka programu ya M-PESA for Business, utaona malipo yote ukiwa Usenge. Msaidizi akiacha kazi, ondoa nambari yake siku hiyohiyo.

Mfunze jambo moja: samaki hutoka simu ya kibanda ikilia, si mteja akionyesha yake. Picha ya skrini inaweza kuwa ya wiki jana, na meseji ya kutungwa ni kazi ya dakika moja. Ya kweli huja kwa jina MPESA, ndani ya mfululizo uleule wa meseji za awali. Ya uongo huja kutoka nambari ya 07 ama 01, ama jina lenye herufi moja iliyozidi.

Kipimo kikali zaidi ni salio. Meseji ya kweli inataja salio jipya, na tapeli hajui kibanda kina ngapi. Kama meseji iliyotangulia ilisema 9,450 na hakuna kilichotoka, malipo ya 600 lazima yalete 10,050, ukitoa ile 3.30 kama til yako inakata papo hapo. Ikisema 23,118 mwambie angoje.

Kuna ishara nyingine kwenye ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Herufi ya kwanza hufuata mwaka, S ni 2024 na T ni 2025. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari hadi L Desemba. Ya tatu ni tarehe: 1 hadi 9, kisha A ni 10, B ni 11, hivyo hivyo hadi V ambayo ni 31. Yaani inayoanza TC5 ni ya 5 Machi 2025. Mtu akikuonyesha malipo ya "sasa hivi" yenye herufi za mwezi uliopita, umeshamjua. Ila tapeli makini anaweza kunakili herufi za leo, kwa hivyo hii inakamata wavivu tu.

Boda_Bondeni

Na mtandao ukilala? Mteja anasema amekatwa, kabambe kimya, foleni inakua.

Wakala_Kondele

Asilipe mara ya pili, hilo la kwanza. Mara nyingi pesa zimefika na meseji ndiyo imechelewa. Mteja aangalie salio lake kwa *334#. Kama halijapungua, hajalipa, ajaribu tena. Kama limepungua, mwenye til aangalie kwenye programu, ama msaidizi ampigie. Kama haionekani kwenye til na mteja amekatwa, soma pamoja naye nambari na jina kwenye meseji yake, kwa kawaida utakuta tarakimu mbili zimebadilishana nafasi.

Wa Airtel Money nao wanaweza kulipa til ya M-Pesa tangu Aprili 2022, kwa hivyo msaidizi asiwafukuze.

Mwisho, laini iliyounganishwa na til iwe ya jina lako, na uibonyezee *100*100# ili mtu asiweze kuibadilisha kadi yake mahali pengine bila wewe kufika dukani. Safaricom wakikupigia, nambari ni 0722 000 000 peke yake. Yeyote mwingine anayekwambia ubonyeze kitu "til isifungwe", kata simu na utume nambari yake kwa 333.

NyarKibuye

Nimeandika yote. Naenda kuomba ile inayotoa. Bango nibandike wapi, ukutani ama mezani?

Mwalimu_Hesabu

Ndani ya kibanda, mahali msaidizi anapapaona akiwa ameketi. La nje usiku mtu hubandika la kwake juu yake na wateja wanamlipa yeye siku nzima. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, soma tarakimu kwenye bango na ulipe shilingi 1 kwa simu nyingine. Chini ya 200 haikatwi.